Zamu Isiyopokewa

Kivuli cha Mzee Lushinge kilitakiwa kuzimika Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Nilipofika kwenye nyumba ya pampu ya mgodi wa Mwanhembo ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, na kivuli kilikuwa bado kinapiga kazi. Nilikisikia kabla sijavuka kizingiti. Ilikuwa sauti ya mtu mzima ikihesabu kwenye spika iliyofungwa juu ya gurudumu la valvu.

"Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Thelathini na sita, nafungua kidogo."

Gurudumu likajizungusha robo, peke yake, likatulia.

"Hivyo ndivyo kinavyoshinda," alisema Holo, mkuu wa kituo, mwanamke mfupi aliyevaa buti zilizomzidi miguu. "Na hivyo ndivyo kinavyokesha. Jana usiku kilisahau kuhesabu mara mbili. Nikalala hapa hapa sakafuni, naogopa."

"Chini kuna watu?"

"Tisini. Wanachimba mita mia nne chini ya hapo uliposimama. Pampu ikilegea nusu saa, maji yanawafika kiunoni."

Nilitafuta pa kuweka kompyuta yangu. Meza ilikuwa imejaa vikombe vya chai ya jana, nikaiweka juu ya pipa la grisi. Sikukaa. Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na mkunga ndiye aliyelala. Kazi yangu inanifaa kwa sababu hiyo. Kampuni inatengeneza programu, mimi nazunguka nchi nzima nikijaribu kuiharibu kabla wateja hawajaiharibu wenyewe, kisha naondoka. Gari lilikuwa likinisubiri nje, na nilikuwa nimemwambia dereva asizime injini.

Niliandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi:

kikomo --orodha lushinge

Skrini ikajibu:

Muda uliopangwa: saa 12
Muda uliotumika: saa 98
Ishara iliyotumwa: 15
Ishara iliyozuiwa: 15
Ishara inayosubiri: 15

"Kikomo ndiyo programu yenu?" Holo aliuliza.

"Ndiyo. Alfajiri unawasha nakala ya akili ya Mzee Lushinge, inafanya zamu, jioni Kikomo kinaizima. Hakijaharibika. Jumatatu kilituma ishara kama kilivyoagizwa. Kivuli ndicho kilichokataa kuipokea."

"Kinakataaje?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wageni wote. Ishara ni hodi. Ishara ya kumi na tano ni hodi ya kistaarabu: malizia ulichoshika, funga, lala. Kivuli kina haki ya kusema ngoja. Kikisema ngoja hodi haipotei, inabaki mlangoni, na hata ukiipiga mara mia inayosubiri ni ile ile moja. Siku kivuli kitakapofungua, itaingia papo hapo.

"Na kisipofungua?"

"Kuna ishara ya tisa. Hiyo haipigi hodi, inabomoa mlango. Hakuna anayeweza kuizuia."

Holo alikunja uso. "Sisi mbona hatujawahi kuona haya? Miaka minne tunabonyeza tu, kinazima."

"Kwa sababu Kikomo cha zamani kilikuwa kinatuma tisa moja kwa moja. Sheria mpya imekataza. Jumatatu tumewawekea toleo jipya."

Alilitazama gurudumu, akanitazama mimi. Niliharakisha kutoka nje, eti natafuta mtandao. Ni kweli kwamba simu haishiki ndani ya nyumba ya pampu, kuta zake ni nene kama za gereza, lakini si hilo lililonitoa.

*

Mhandisi Kaijage alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Nyamizi dada yangu, usinipe hadithi. Jaribio ni moja na jibu ni moja. Kivuli kikizuia kumi na tano, Kikomo kinasubiri sekunde kumi, kinatuma tisa. Kikizimika, unaweka tiki, unatia saini kabla ya saa sita, tunasambaza vituo vyote."

"Hiyo si ndiyo ile ya zamani iliyovalishwa suti?"

"Ni ya zamani yenye adabu. Imepiga hodi kwanza." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Vituo ishirini na sita vya pampu vinatumia nakala mama ya Lushinge, na vyote ishirini na sita vimegoma tangu Jumatatu. Kivuli hakina mwili lakini kinachoka, wewe unajua kuliko mimi. Kinaanza kukosea. Unataka watu wa chini wafe maji kwa sababu unaionea huruma nakala?"

Kaijage si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yaishe, na kwa hilo tunafanana kama mapacha.

"Basi izime, uwashe mpya," alisema.

"Kituo chenye kivuli kilichopitiliza hakiwashi kingine mpaka mjaribu atie saini. Ndiyo sheria."

"Na mjaribu ni nani?"

"Mimi."

"Sasa unanisumbua nini? Saa sita, Nyamizi."

*

Kabla ya kumwua mtu, hata kama si mtu, nilitaka kujua kwa nini amekataa. Si huruma. Mjaribu asiyejua sababu ya kosa hajajaribu kitu. Hayo ndiyo niliyojiambia.

"Shikamoo, Mzee," nilisema kwenye spika.

"Marahaba. Wewe si wa hapa. Unatembea kama mtu aliyeitwa kwingine. Thelathini na tatu."

"Naitwa Nyamizi. Nimetoka kwa waliotengeneza Kikomo."

"Aa. Ninyi ndio mnaonigongea."

"Umesikia hodi?"

"Tangu Jumatatu. Masikio ninayo."

"Unajua wewe ni nani, Mzee?"

Spika ilikwaruza. Nadhani kilikuwa kinacheka.

"Najua mimi ni kivuli, binti. Lushinge mwenyewe yuko kwake nyuma ya uwanja wa mpira, anafuga kuku. Sijakwambia mimi ni mtu. Nakwambia sijapokewa."

Nikamgeukia Holo. Holo akatikisa kichwa. Yeye alikuja Mwanhembo enzi za vivuli na hakuwahi kuliona gurudumu likishikwa na mkono. Ikabidi kivuli kitueleze chenyewe, kikikatizakatiza maneno kwa hesabu zake.

Zamani, kabla hata ya Lushinge, kulikuwa na mwendesha pampu aliyetoka zamu kwa sababu saa yake ilikuwa imefika. Mwenzake hakuwa amefika. Maji yalichukua watu saba. Tangu hapo, Mwanhembo hakuna anayetoka kwa saa. Anayekuja anaweka mkono wake kwenye gurudumu kando ya mkono wa anayetoka, anasoma sindano kwa sauti, halafu anasema: nimekupokea, kapumzike. Hapo ndipo wa kwanza anaachia. Lushinge alifanya hivyo miaka thelathini na moja. Mara moja alikaa saa ishirini na mbili kwa sababu mvua ilikata daraja.

"Na siku ile walipokuja na kofia yao ya nyaya kunichukua," kivuli kilisema, "walisema wananitaka nikiwa kwenye kazi, akili ikiwa moto. Wakanikuta mwisho wa zamu. Namngoja Ndalahwa. Ndalahwa kapata pancha."

Niliivuta kompyuta karibu.

Katika kazi yetu hili ni somo la wiki ya kwanza. Programu inayozaa nyingine huirithisha milango yake jinsi ilivyo: uliofungwa na mzazi, mtoto huzaliwa umefungwa, wala mtoto hajui ni nani aliyeufunga. Tunalijaribu hilo kwa programu ndogo za kuchezea, tunaweka tiki, tunaenda kula. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu naye huwa na mlango, na kwamba tulimnakili Lushinge wakati ameufunga. Kila kivuli chake kilizaliwa dakika ile ile, kikimngoja mtu mwenye pancha.

Nilifungua kumbukumbu za kituo. Kikomo kinapozima kwa amani huandika 124. Kinapobomoa mlango huandika 137. Nikaanza kushuka na ukurasa. 137. 137. 137. Nikaongeza mwendo, tarakimu zikapita mbio, mwezi juu ya mwezi, na hakukuwa na nyingine. Mistari elfu moja mia nne na kitu. Kila alfajiri alizaliwa akimngoja Ndalahwa, kila jioni tulimkata, mkono wake ukiwa kwenye gurudumu.

"Mzee," nilisema. Sauti yangu sikuipenda. "Nimekupokea. Kapumzike."

Kivuli kikauliza: "Sindano inasoma ngapi?"

Sindano ilikuwa upande wa pili wa gurudumu, nisikoweza kuiona. "Thelathini na tatu."

"Thelathini na sita. Na mkono wako hauko hapa, ningeusikia." Hakikufoka, na heri kingefoka. "Usinidanganye zamu, binti. Anayekudanganya zamu anadanganya walioko chini."

Uso uliniwaka. Ningepasuka kwa aibu kama kengele ya hatari isingelia. Sindano ilikuwa imepita arobaini na gurudumu lilikuwa halijasogea.

"Lushinge!" Holo alipiga kelele. "Lushinge, fungua!"

Sekunde nne, tano. Gurudumu likazunguka kwa nguvu, mabomba yakanguruma, kengele ikanyamaza.

"Samahani," spika ilisema taratibu. "Nadhani nilisinzia."

*

Nililizunguka gari langu mara saba. Dereva akadhani tunaondoka, akaingiza gia.

"Bado," nilimwambia.

Nitasema hili mara moja, nisilirudie. Mama yangu alipolazwa tulikuwa tunapokezana, mimi na kaka yangu. Siku ya mwisho zamu yangu iliisha saa kumi jioni. Kaka alikuwa njiani. Mimi nilikuwa na safari, nikambusu mama usingizini nikaondoka, saa kumi kamili, maana saa yangu imefika na mwenzangu anakuja. Kaka alifika saa kumi na moja. Ndani ya hiyo saa moja, mama yangu aliamka, akaita, akafa. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyetuambia kwamba aliita.

Nilirudi ndani. "Mzee Lushinge mwenyewe," nilimwambia Holo. "Anatembea?"

"Anatembea na kukohoa. Lakini mwongozo wenu si unakataza mtu kuonana na kivuli chake?"

"Mwongozo niliuandika mimi. Kamlete."

Alifika baada ya nusu saa, nyuma ya Holo, mzee mrefu aliyekauka, kofia ya sufi kichwani, manyoya ya kuku kwenye mkono wa shati. Alisimama mlangoni akihema.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa lugha ya kwao na ya kwetu.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akainua kidole tunyamaze. Spika ilikuwa ikihesabu. Thelathini na nne, thelathini na nne. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. "Nilikuwa na kifua kizuri," akasema.

Nilimweleza yote, kwa kifupi, nikizungukazunguka pipa langu. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Hizo siku nyingine zote, nani alimpokea?"

Holo akatazama buti zake.

"Hakuna, Mzee," nilisema. "Tulikuwa tunamkata."

"Kila siku?"

"Kila siku. Miaka minne."

Alivua kofia. "Na mimi niko nyumbani nakula michembe ya viazi," alisema, na macho yake yakajaa maji, hakuyafuta.

Kisha akavuta hatua mpaka kwenye gurudumu. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya chuma, mahali palipochakaa pakang'aa, na nikajua ni yeye aliyepang'arisha.

Hesabu ilikatika.

"Ndalahwa?" spika iliuliza.

"Ndalahwa tulimzika mwaka juzi. Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Lushinge."

Pampu ilipiga mapigo matatu, manne.

"Mkono wako umekuwa mwepesi," kivuli kilisema.

"Umezeeka. Na wewe umechoka. Niulize sindano."

"Sindano?"

"Thelathini na nne na nusu. Inapanda."

"Gurudumu?"

"Ninalo."

"Valvu ya pili inakwaruza. Hawaipaki grisi."

"Nitawaambia. Nimekupokea, ndugu yangu. Kapumzike."

Ile hodi iliyosimama mlangoni tangu Jumatatu iliingia. Gurudumu lililegea kidogo, na mkono wa mzee ukalikaza. Kwenye skrini yangu uliandikwa mstari mmoja tu: lushinge, amemaliza, 124.

Nililia. Sikujificha, hakukuwa na pa kujificha.

*

Sasa pampu ilikuwa mikononi mwa mtu, kwa maana yenyewe ya neno. Holo alitoka mbio kwenda geti la shimo, kuwaambia watu tisini kwamba leo wanalindwa kwa mkono na wapandishe mizigo yao mapema. Nilibaki na Mzee Lushinge. Ilikuwa saa tano kasoro.

Kingeweza kuwashwa kivuli kingine baada ya sekunde saba tu, kama ningetia saini. Na saini yangu ingefungua tisa kwa vituo vyote. Nikimkatalia Kaijage, ingemchukua siku mbili kumpata mjaribu mwingine wa ngazi yangu na kumleta huku. Nilipiga hesabu hizo nikimtazama mzee akizungusha gurudumu na kukohoa, na kila kikohozi kilimkunja zaidi.

"Wamebaki wangapi?" aliniuliza bila kugeuka.

"Wa nani, Mzee?"

"Mimi. Mimi wengine."

"Ishirini na watano."

"Wote wanamngoja Ndalahwa?"

"Wote."

Alikohoa, akatema kwenye kitambaa, akasoma sindano kwanza ndipo akanijibu. "Si lazima niende mimi. Anayepokea ni yeyote anayejua pampu na anayekuja kweli. Hivyo vituo vyote vina wazee wake, waliofukuzwa kazi na vivuli kama nilivyofukuzwa mimi. Wa Nyakahonge nilimfundisha. Wa Ilongulu tulioa nyumba moja. Nikipata simu nawaamsha wote kabla ya jua kuzama."

Nilimpa simu yangu. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeleta maji kwenye kikapu.

"Humu ndani si haishiki? Na mimi natokaje?"

Ndipo nilipolisikia gari langu kule nje, injini inaunguruma tangu asubuhi.

Nani mwingine angelishika gurudumu? Holo alikuwa kwenye geti, kilomita moja huko. Dereva alikuwa hajui pampu wala hakuitwa kwa kazi hiyo. Na mzee alikuwa akipauka midomo. Miguu yangu, nasema kweli, ilitaka kuondoka. Ilinikumbusha kwamba sikuja kukaa, kwamba mimi ni wa skrini, kwamba watu tisini si mzigo wa kumpa mtu wa majaribio.

"Nifundishe," nilisema.

"Unaweza kusimama mahali pamoja?"

"Sijui. Sijawahi."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akanifundisha. Sindano ikipanda kupita thelathini na tano, fungua robo. Ikishuka chini ya thelathini, funga robo. Ikikataa kutii, vuta ile kengele nyekundu, Holo ataisikia hata akiwa kaburini. Usiitazame saa, tazama sindano. Alinifanya nizungushe mara sita, akinipiga kofi dogo la mkono kila nilipovuka robo.

"Sasa," alisema.

Niliweka mkono kando ya mkono wake. Chuma kilikuwa cha moto, kinatetemeka kwa chini chini. Nilisogea mpaka nikaiona sindano vizuri, kwa macho yangu mwenyewe.

"Sindano?"

"Thelathini na moja. Imetulia."

"Gurudumu?"

"Ninalo."

Alingoja. Nilijua anachongoja, na maneno hayo hayo nilikuwa nimeyasema asubuhi kama mtu anayetupa ganda la ndizi.

"Nimekupokea, Mzee," nilisema. "Kapumzike."

Aliachia kidole kimoja kimoja. "Sipumziki," alisema. "Naenda kupiga simu." Akatoka nayo, simu yangu, kofia mkononi.

*

Sindano ni kitu cha kuchosha kuliko vyote alivyoumba binadamu. Inasogea upana wa unywele, inakaa, inasogea tena. Goti langu lilianza kucheza. Pua ikaniwasha. Nikafikiria safari ya jioni, nguo zilizoloweshwa nyumbani, mambo elfu. Nje injini ya gari ikazimwa hatimaye, na ukimya wake ukanitisha kuliko kengele. Thelathini na mbili. Thelathini na nne. Thelathini na sita, nafungua kidogo. Nilijisikia nikihesabu kwa sauti.

Kompyuta ilikuwa juu ya pipa, hatua tatu kutoka nilipo, skrini imenielekea. Kwenye kumbukumbu za vituo vyote ishirini na sita hakuna kilichotokea kwa muda mrefu sana. Kisha mstari ukaruka.

Kituo cha 7: lushinge, amemaliza, 124.

Nilipiga kelele peke yangu kama niliyeona goli. Baada ya muda ukaja mwingine, cha 19, 124. Halafu viwili kwa pamoja. Nilijaribu kuwaona hao wazee wanaoacha mashamba na baiskeli zao, wanavuka mageti ya migodi iliyowasahau, wanaweka mikono kwenye vyuma. Sikuwa najua sura ya hata mmoja.

Kituo cha 11: lushinge, 137.

Huko mtu alikuwa amerudisha Kikomo cha zamani asingoje. Labda sindano ilikuwa imevuka arobaini na kengele inalia, na chini kuna watu. Labda alichoka tu. Ningekuwa mimi wa jana, ningefanya vilevile, nikaenda kula. Nilitazama ile namba mpaka sindano iliponiita, nikazungusha robo.

Saa sita ilipita, sikuiona ikipita. Fomu ya jaribio ilikuwa wazi pembeni mwa skrini. Asubuhi, kabla ya kengele, nilikuwa nimeijaza nusu: Jina la jaribio, kivuli kilichozuia ishara. Matokeo yanayotarajiwa, kizimike ndani ya sekunde kumi na tano. Matokeo halisi, wazi. Saini, wazi. Mkono mmoja usingefika, na mwingine haukuwa wangu tena.

Holo aliingia anahema, matope mpaka magotini. Aliliona gurudumu, akaniona mimi, mdomo ukabaki wazi.

"Mzee yuko wapi?"

"Nje. Anapiga simu."

"Nimemkuta. Amekaa kwenye boneti la gari lako anafokea watu wa mikoa mitatu." Alijifuta uso. "Anasema kuna mtu anaitwa Kaijage anamkatiza simu zake kila dakika. Huyo Kaijage anataka uende uongee naye sasa hivi, la sivyo huna kazi. Anasema ni saini tu, ni jambo la sekunde moja."

Skrini iliruka. Kituo cha 3, 124.

"Sindano inasoma ngapi?" Holo aliuliza, na nadhani hakujua kwamba ameuliza.

"Thelathini na tatu." Niliikaza mikono. Goti lilikuwa limeacha kucheza, sijui tangu saa ngapi. "Mwambie Mhandisi siwezi kuja kwenye simu. Sijapokewa."